Aina Ambazo Innocent Hakuziandika

Wiki chache baada ya mimi kustaafu, kijana aliyechukua meza yangu alinipigia simu. "Mama Zawadi," akasema, "mu programu zetu za zamani, kwenye mulango ya kila classe mumeandika aina ya vitu vyote. Mutu akiingia ndani, hakuna kitu kimeandikwa. Ni uvivu ao ni mpango?"

Nilimjibu kwamba ni mpango. Kisha nikakata simu nikabaki nimekaa, kwa sababu jibu kamili ni mtu, na mtu huyo bado yuko kazini pamoja nanyi. Anawasalimu kila asubuhi, mnampenda, na mna haki ya kumpenda. Basi nawaandikia nyote, ili msinipigie simu mmoja mmoja.

Kuhusu vyeo na mishahara sitasema neno. Mwenye hamu amuulize comptable, mhasibu wetu, naye hatamjibu. Nitasema juu ya kazi yenyewe, na juu ya wivu, maana kwangu viwili hivyo vilikaa chumba kimoja miaka yote na sikupata kuvitenganisha.

Nilianza kazi katika nyumba ya mawe ya lava kule Himbi, hapa Goma, ile ile mnayoijua, ila wakati huo ilikuwa na chumba kimoja, kompyuta zenye migongo mikubwa, na betri za gari zilizopangwa chini ya dirisha kwa ajili ya saa ambazo courant ya umeme imekatika, yaani karibu saa zote. Niliingia na diplome yangu ndani ya bahasha. Muzee Kambale, mwenye ofisi, hakuifungua. Aliwahi kufundisha hesabu Butembo, na alibaki mwalimu: alivaa sweta hata jua likiwaka, na mashine ilipomkosoa alisema "pardon" kwa sauti, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kanisani.

Alinikalisha mbele ya programu fulani akaweka kidole kwenye skrini.

"Hii ni nini?"

"Ni x, muzee."

"Jina yake nimeiona. Nimeuliza ni nini. Ni kilo? Ni jina ya mutu? Ni tarehe?"

"Sijue, muzee."

"Na wewe umesoma. Alors mashini itajua namna gani?"

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza juu ya aina, ambazo sisi ofisini tuliziita types kwa Kifaransa. Kila thamani katika programu ina aina yake: hii ni namba, hii ni maandishi, hii ni tarehe, huyu ni mgonjwa. Ukichanganya aina, ukajumlisha jina na namba, unapata upuuzi, na upuuzi huo utatoka siku mteja yuko mbele yako. Muzee alitaka kila kitu kitangazwe kabla hakijapita, kama mizigo pale barrière ya mpakani: kifurushi hiki kimebeba nini, kile kimebeba nini. Wenzangu walichoka na maandishi hayo. Mimi niliyapenda. Nilikuwa na mkono wa kuyaandika, na sikusahau moja. Baada ya muda Muzee aliwaambia wageni, akinionyesha kwa kidevu: "Uyu mama anaandika kama notaire." Niliibeba sentensi hiyo, ya kufananishwa na mwandishi wa hati za sheria, hadi nyumbani, nikamwambia mume wangu, na kesho yake nikamwambia tena.

Miaka ikapita. Volkano ilitukimbiza tukarudi, vita vilitukimbiza tukarudi, nasi tukaendelea kuandika programu za depot za dawa, za shule, za wanunuzi wa kahawa. Tulihamia kwenye lugha za objet, yaani za vitu. Humo kila kitu kinabeba habari zake pamoja na kazi zake, vitu vya namna moja vinakaa katika classe yao, na classe ndogo inarithi kutoka kwa classe kubwa kama mtoto kwa mzazi. Hapo ndipo mahali pangu. Nilizijua familia za classe zetu kuliko nilivyowajua wajomba zangu.

Kisha akaja Innocent.

Mtoto wa wakulima wa Rutshuru, mwembamba, mpole kupita kiasi. Alikuwa amesoma Ulaya kwa bourse, ufadhili wa masomo, na akarudi Goma kwa hiari yake, jambo ambalo mjini kwetu watu walilizungumza kama ugonjwa. Asubuhi yake ya kwanza alifungua lugha ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuigusa, lugha ya fonction, ambamo programu nzima ni fonction, hesabu ndogo ndogo zinazopokezana vitu na hakuna anayekibadilisha kitu njiani. Nilipita nyuma yake nikasoma. Mistari michache, safi, na hakuna aina hata moja iliyotangazwa.

"Papa Innocent," nikamwambia kwa wema, kama mkubwa wa kazi, "umesahau ma-types."

"Sijasahau, mama. Mashini itajua yenyewe."

"Itajua namna gani na haujaiambia?"

"Itaangalia vile ninatumikisha vitu."

Nilicheka. Nilidhani ni moja ya zile lugha zinazokubali lolote unaloziambia, kisha zinakuaibisha mbele ya watu. Innocent hakubishana. Alibadilisha neno moja katika programu yake, kwa makusudi, akaiomba mashine iisome. Ikakataa. Ikasema kwamba kwenye mstari fulani anajaribu kujumlisha jina na namba. Yeye hakuwa ameandika popote kwamba hiki ni jina na kile ni namba. Ilikuwa imebaini.

Muzee Kambale alikuwa kwenye kona akijimiminia chai ya maziwa. Alikuja na kikombe mkononi. "Rudilia," akasema. Innocent akarudia. "Rudilia tena, polepole." Innocent akaeleza: mahali pale nimeongeza moja, kwa hiyo kitu hiki lazima kiwe namba, kitu hiki kimetoka kwenye fonction ile, kwa hiyo fonction ile inatoa namba, na ile inapokea kile, basi kile nacho ni namba. Dokezo moja linavuta lingine mpaka programu nzima imejulikana, na kama madokezo mawili yanapigana, mashine inasimama na kukuambia. Muzee alisimama nyuma ya kiti cha kijana yule bila kuketi na bila kunywa, mpaka chai ikashika ngozi juu.

Nilikuwa nimekaa ofisi ile miaka mingi, na chai ya Muzee haikuwahi kupoa kwa sababu yangu.

Kama hamjaelewa kubaini aina ni nini, fikirini mama wa soko la Kituku anapanda kutoka ziwani. Beseni liko kichwani, linavuja maji, paka wanamfuata, na mama mwenzake anamwita aulize bei ya sambaza, wale dagaa wetu. Huhitaji kumsimamisha na kumuuliza amebeba nini. Matumizi yamekwisha kusema. Ndivyo lugha ya Innocent ilivyosoma programu. Mimi nilikuwa mtu wa barrière, niliyemsimamisha kila mama na kumwambia atangaze. Na sasa Muzee, aliyenifundisha kusimamisha watu, alikuwa anashangilia paka.

Siku zilizofuata wawili hao walihamishia viti vyao dirishani. Walichora mishale na herufi za Kigiriki kwenye mgongo wa kalenda za zamani. Muzee alianza kucheka kazini, kitu ambacho sikujua anakiweza. Nilipokaribia wakiwa wanazungumza, hawakunyamaza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Waliendelea, na mimi sikuelewa.

Kwa hiyo nikajifunza. Saa ya chakula wengine walipokwenda kutafuta fufu na sombe, mimi nilifungua kitabu cha lugha ile. Siku ya Dominika baada ya misa nilirudi kukisoma. Nilifika mbali, nawaambia kweli. Lakini nilikuwa kama mtu aliyejifunza lugha ya ukweni: nasema bila kosa, na watoto wa nyumba bado wanacheka. Innocent aliandika akiimba polepole puani. Nilimwonea wivu hata ule wimbo. Nilimwonea wivu alivyosoma makosa. Maana mashine ile ilikuwa na tabia moja mbaya: ikikuta madokezo mawili yanapigana, inamlaumu wa mwisho kusema, hata kama mwenye dhambi ni mwingine, kurasa nyingi nyuma. Mimi nilikwenda kwenye mstari uliolaumiwa na kuutesa bure. Innocent aliutazama mara moja na kusema, "Uyu hana kosa, iko nateswa tu," kisha akarudi nyuma moja kwa moja hadi kwa mhalifu.

Mjini kwetu wivu kama huo haukawii kupewa kabila. Mwenzetu mmoja, Mnande kama mimi na kama Muzee, alinivuta barazani akanong'ona: "Muzee wa kwetu anakuacha wewe mutu wa nyumbani, anafuata mutu wa Rutshuru?" Nilimjibu kwamba kama Innocent angekuwa ametoka tumbo moja na mimi, ningemwonea wivu zaidi, na kwamba akirudia maneno hayo nitampelekea Muzee mwenyewe. Hakurudia. Wivu wangu ulikuwa wa kazi, nami sikutaka mtu auchafue.

Nilikuwa na silaha moja tu, na niliitumia siku moja mbele ya Muzee.

"Lugha yako ni nzuri sababu haina watoto," nilimwambia Innocent. "Leta classe zenye kuzaa, tuone kama mashini yako itajua."

Nilimpa mfano wa Katindo, kambi ya wanajeshi. Umeona mtu anapiga saluti kule kambini. Je, ni kapteni? Ni mpishi? Ni mpiga tarumbeta? Wote wanapiga saluti. Hata watoto wa kambi wanapiga saluti, tena vizuri kuliko baba zao. Kwa kutazama saluti peke yake huwezi kujua ni nani. Ndivyo zilivyo lugha za objet: kitu kinaitikia wito, na walio na uwezo wa kuitikia wito huo ni familia nzima, wa juu na wa chini.

"Njo kweli, mama," Innocent akasema. "Pale ni nguvu. Hata kule nilisoma, walimu walikuwa wanakuna kichwa."

Hata kushindwa alishindwa vizuri. Nikarudi mezani pangu nimeshinda, na sikuwa na furaha.

Sasa niwaambie juu ya Kanyaruchinya, kambi ya wakimbizi nje ya mji, kwa sababu ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizoziona.

Watu walikuwa wamekimbia vita na kujaa kambini, na kipindupindu kikawafuata humo. Kituo cha matibabu kilitumia programu ya kupima kiasi cha maji na dawa kwa kila mgonjwa. Haikuwa yetu, tuliirithi kutoka kwa vijana waliokwisha kuondoka mjini, na ilikuwa imeandikwa katika lugha isiyodai aina yoyote, wala kubaini yoyote. Inakubali lolote na kuendelea. Asubuhi moja simu ya Muzee ikalia. Alikuwa mama Espérance, mkubwa wa wauguzi pale kituoni, na hakuhitaji kipaza sauti ili tumsikie.

"Muzee! Ile mashini iko nasema nimupatie uyu mutoto maji ya ngombe! Mutoto wa kilo tisa!"

"Umemupatia?"

"Niko mwendawazimu? Nimeifunga. Tuko napiga hesabu na mukono. Lakini bantu balisha jaa hapa, balilala mpaka inje. Na vile vituo vingine viko na programu hii hii. Kama kuko muuguzi amechoka, asiangalie?"

Muzee aliwapigia simu vituo vingine mwenyewe, kimoja kimoja, akawaambia waizime. Kisha akatugeukia. Tulijaribu programu kwa watoto wa kubuni. Kwa karibu wote ilijibu sawa. Kosa lilikuwa mahali fulani ndani ya kurasa na kurasa za maandishi yasiyo na aina, na kila saa tuliyolitafuta, mama Espérance na wenzake walikuwa wanapiga hesabu kwa kalamu huku wagonjwa wakiongezeka.

"Innocent," Muzee akasema, "ile kitu yako inaweza kusoma programu ya wengine?"

Innocent alisema anaweza kujaribu. Aliandika programu ya kusoma programu: ipite kila mstari, ikusanye madokezo, ibaini aina ya kila kitu, ionyeshe mahali madokezo yanapopigana. Aliandika bila kuimba. Sehemu zenye fonction tupu zilisomeka vizuri, na Muzee akaanza kupumua. Kisha chombo kikafika kwenye classe, na kikazama.

Kulikuwa na classe ya mgonjwa, na chini yake watoto wake: mtu mzima, mama mjamzito, mtoto, mtoto mchanga. Hesabu ya Innocent ilijua neno moja tu, "sawa". Mtoto amepita mahali pa mgonjwa, kwa hiyo mtoto ni sawa na mgonjwa. Mama mjamzito naye amepita pale, kwa hiyo ni sawa na mgonjwa, kwa hiyo ni sawa na mtoto. Lakini mtoto hana mimba. Kosa! Skrini ikajaa makosa kama mvua ya Aprili, na karibu yote yalikuwa ya uongo. Ikiwa moja ni la kweli, utalitambuaje?

Innocent aliweka mikono mapajani. Sikuwahi kumwona hivyo. Nitawaambia jinsi nilivyojisikia, kwa kuwa niliahidi kusema juu ya wivu: kwa dakika moja nilipata joto tamu kifuani. Kisha nikamkumbuka muuguzi aliyechoka, asiyeangalia, na ule utamu ukakata kama courant.

"Zawadi," Muzee akaita. "Kuya."

Nilivuta kiti. Niliziangalia zile classe na nilizijua, si zenyewe, ila ukoo wa namna ile.

"Papa Innocent, toa ile neno ya sawa," nilisema. "Mutoto haiko sawa na mugonjwa. Mutoto anaweza kupita fasi mugonjwa anapita. Ni ile tu. Usirudishe nyuma."

Alinitazama. "Donc mushale inaenda upande moja."

"Upande moja. Maji ya mutoni hairudiake kwa mulima."

"Lakini zitakuwa nyingi, mama. Kila kitu kinaweza kuwa vitu vingi. Mashini itapotea."

"Itapotea kama unaiacha peke yake. Mi nitaandika kwenye milango. Kila classe, kila kitu kinaingia na kila kitu kinatoka, nitaandika aina na mukono yangu. Yako itabaini mule ndani tu, kati ya mulango na mulango."

Innocent alikuwa amekwisha kuanza kufuta.

Tukagawana. Mimi niliandika milango: uzito unatoka hapa, ni namba; umri unaingia pale, ni namba; jina ni maandishi. Kazi ya barrière, kazi yangu ya siku ya kwanza. Yeye alibadilisha hesabu yake, akaondoa usawa, akaweka mishale. Tulifanya kazi bega kwa bega, na nilisikia ameanza tena kuimba puani, na kwa mara ya kwanza haikunichoma.

Tulipoiendesha, ile mvua ya makosa ilikatika. Yakabaki machache, ambayo ungeweza kuyasoma ukiwa umesimama. Moja lilisema: mlango wa classe ya mtoto mchanga umeahidi uzito ni namba, lakini ndani kinachotoka ni maandishi.

Tukaelewa mara moja. Uzito wa watoto wachanga una koma: nane koma nne, tisa koma mbili. Yule aliyeandika alisumbuliwa na koma, akaamua kuusoma uzito wao kama maandishi, akageuza koma kuwa nukta, akasahau kuurudisha kuwa namba. Na katika lugha ile, ukijumlisha maandishi, hayajumlishwi, yanaunganishwa. Mtoto wa kilo tisa, aliyekadiriwa kupoteza kilo moja ya maji, hakuwa kumi. Alikuwa tisa na moja, kando kwa kando: tisini na moja. Wale wenye koma, kwenye uzito na kwenye maji, walizaa kitu chenye nukta mbili, kisicho namba, na skrini ikabaki tupu, na wauguzi wakadhani ni network. Ni wale tu wenye kilo kamili, watoto wachanga peke yao, walioandikiwa maji ya mtu mzima mnene.

Tulirekebisha, tukapanda wenyewe hadi Kanyaruchinya. Mama Espérance aliingiza uzito wa mtoto yule yule mbele yetu, akalinganisha na hesabu yake ya kalamu. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni kwa mama yake, anatutazama kwa hasira.

"Sasa iko na akili," mama Espérance akasema, na akatufukuza tumpishe afanye kazi.

Baadaye madaktari wa vituo walikuja ofisini kuelezwa. Muzee alisimama, akaweka mkono begani kwa Innocent. "Ni uyu alitengeneza," akasema.

Nilikuwa karibu na mlango. Na Innocent, kabla madaktari hawajapiga makofi, akasema: "Hapana, muzee, pardon. Mi nilikuwa nimezama. Ni mama Zawadi alinitoa mu maji. Ile mawazo ya milango ni yake."

Wote wakanigeukia. Wakanipigia mimi makofi. Mngesema wivu ungeisha siku hiyo. Ulikomaa. Mpaka pale nilikuwa namwonea wivu kwa akili yake na kwa chai ya Muzee. Sasa ilinibidi nimwonee wivu kwa moyo wake pia. Katika nafasi yake nisingesema upesi vile. Ningesema, nadhani. Lakini si upesi vile.

Tangu hapo ndivyo tunavyoandika: aina kwa mkono kwenye milango, ndani mashine ibaini. Lugha nyingi mpya zinafanya hivyo siku hizi, na waliozitengeneza hawakutuuliza. Kijana wa meza yangu, hilo ndilo jibu lako.

Muzee Kambale aliugua miaka michache baadaye, ugonjwa wa figo. Barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa na vita, hivyo alibaki kutibiwa hapa Goma, mbali na kwao. Nilimtembelea na supu ya kuku. Alikuwa amevaa sweta kitandani.

"Innocent anafika?" ndilo neno lake la kwanza.

"Atakuja, muzee. Ni mimi, Zawadi."

"Naona ni wewe."

Nilimlisha supu. Na kwa kuwa hatukuwa na watu, niliuliza kitu ambacho mwanamke wa umri wangu hapaswi kumuuliza bosi wake. "Muzee, mimi kazi yangu uliipenda?"

Alifikiri sana. Alikuwa mtu wa hesabu, hakutoa jibu ili kukupoza. "Wewe," akasema, "ni mutu wa kazi." Akafumba macho.

Ni sifa. Nimeigeuza kila upande tangu siku ile, na kila upande bado ni nusu.

Alikufa wakati wa mvua. Kwenye matanga familia iliomba mmoja wetu wa ofisi aseme neno, na macho yote yakamwendea Innocent, kama kawaida. Alisimama, akashika kofia yake, akalia kama mtoto mbele ya watu wote, akaketi. Basi nikasimama mimi. Nilisimulia juu ya x na kidole kwenye skrini, na "pardon" aliyoiambia mashine. Watu walicheka na kulia. Nilikuwa nasema vizuri, nilijua hivyo, na nilisikitika kwamba aliyepaswa kunisikia alikuwa ndani ya sanduku.

Watu walipoanza kutawanyika, mjane wake, mama Kahindo, alinishika mkono akanikalisha kando.

"Wewe njo Zawadi. Muzee alikuwa anasemaka juu yako kila mangaribi."

"Alikuwa anasema nini, mama?"

"Alikuwa anasema, 'Uyu mama iko na wivu ya Innocent, na anafikiri mi sijue.'"

Nilihisi uso wangu unawaka. Zaidi ya yule niliyemfokea barazani, sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. "Nani alimuambia?"

"Hakuna mutu alimuambia. Anasema aliona tu vile unafungaka kompyuta yako Innocent akipita." Alinipapasa mkono. "Mi nilimuambia, basi umusemeshe, umutulize. Akakatala. Akasema, 'Nikimutuliza atalala. Na yeye akilala, Innocent naye atalala.'"

Nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu pale pale, mita chache kutoka kwenye maua yake: mtu mzima, mwenye sweta, alikuwa ameuona moto wangu miaka yote na badala ya kuuzima alikuwa anautumia kupikia. Kisha nikaanza kucheka na sikuweza kuacha, na wanawake waliokuwa wakikusanya sahani walinitazama vibaya. Kule mbele Innocent alikuwa anabeba viti, viwili kila mkono, anavirudisha kwa wenyewe. Hakujua kitu. Sikumwambia wakati ule. Sasa mtamwambia ninyi, maana najua mtampa karatasi hizi azisome.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine, yeye na mimi, bila mtu wa kutupima. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Lakini sikuwahi kuandika mstari bila kujiuliza kama yeye angeuandika mfupi zaidi, na mara nyingi angeweza.

Juzi, tayari mimi ni mstaafu, akanipigia simu. Lile lililotushinda wote, kubaini aina kupita milango ya classe bila mkono wa mtu kuandika chochote, kwa programu zote za depot mpya, anadhani amelipata.

"Kuya uone, mama," akasema.

Nilimwambia nimestaafu, magoti yananiuma, nina maharage jikoni. Nikakata simu, nikazima jiko, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Himbi.

Ninyi mlikuwapo, mliniona nimekaa pembeni yake. Alinionyesha yote, polepole, kutoka mwanzo. Haina milango iliyoandikwa. Haina mkono wangu popote. Ni nzuri kabisa, na niliposema ni nzuri sauti yangu haikutetemeka, nimejizoeza. Kisha nilimwomba aniwekee nakala kwenye clé USB niende nayo nyumbani.

Tangu siku hiyo natafuta kosa. Bado sijaliona.